Mteja kama Mshiriki wa Uzalishaji: Nafasi ya Mpokea Huduma katika Tija ya Utoaji wa Huduma Mjini Bujumbura

Ikisiri

Mijadala mingi kuhusu tija ya huduma humtazama mhudumu peke yake: mafunzo yake, kasi yake na nidhamu yake. Makala hii inafafanua kwamba katika huduma nyingi mteja naye ni mshiriki wa uzalishaji, kwa kuwa huleta taarifa, nyaraka, lugha, muda na juhudi ambazo bila hizo huduma haiwezi kukamilika. Kwa kutumia mifano ya mji wa Bujumbura, yaani huduma za madirishani, umeme wa malipo ya awali, fedha za simu, gereji na matibabu ya bure yaliyoanza mwaka 2006, makala inaonyesha njia ambazo mteja hupandisha au kushusha tija. Aidha, inajadili hatari ya kupima tija kwa upande wa ofisi pekee na kuusahau muda wa mwananchi. Hitimisho la makala ni kwamba sehemu kubwa ya kile kinachoitwa udhaifu wa mteja ni matokeo ya namna huduma ilivyopangwa, na kwamba lugha ni miongoni mwa nyenzo za gharama nafuu zaidi za kurekebisha hali hiyo.

Maneno muhimu: tija, mteja, huduma, foleni, lugha, Bujumbura

1.0 Utangulizi

Kauli kwamba mteja ni mfalme imeenea katika miji ya Afrika Mashariki. Hubandikwa katika kuta za benki, hurudiwa katika semina za wafanyakazi na hutajwa na wateja wenyewe wanapolalamika. Kauli hiyo ina nia njema, lakini inaficha jambo moja la msingi. Mfalme hafanyi kazi, hufanyiwa. Mteja wa huduma, kinyume chake, hufanya kazi. Hujaza fomu, hueleza shida yake, huleta vielelezo, husubiri, hutia sahihi, hubeba risiti kutoka dirisha moja hadi jingine na, akiwa mgonjwa, humeza dawa kwa saa zilizopangwa. Asipoifanya kazi hiyo ipasavyo, mhudumu hata akiwa hodari kiasi gani hawezi kuikamilisha ya kwake.

Bujumbura ni mahali panapofaa kulichunguza jambo hili. Ingawa Gitega imekuwa mji mkuu wa kisiasa wa Burundi tangu mwaka 2019, Bujumbura imebaki kitovu cha biashara, bandari ya Ziwa Tanganyika na mahali ambapo wananchi wengi hufuata huduma za fedha, tiba na nyaraka. Ni mji wa lugha nyingi pia. Kirundi ni lugha ya wote. Kifaransa kimekuwa kwa muda mrefu lugha ya maandishi ya ofisi. Kiingereza kiliongezwa katika lugha rasmi kwa sheria ya mwaka 2014. Na Kiswahili, chenye historia ndefu katika mitaa kama Buyenzi, ni lugha ya soko, gereji na safari za mpakani. Hivyo mteja anayefika dirishani Bujumbura huja na haja yake na lugha yake pia, na vyote viwili huingia katika hesabu ya tija.

2.0 Dhana ya Tija Pale Mteja Anapokuwepo

Tija, kwa maana yake ya kawaida, ni uwiano kati ya kinachozalishwa na rasilimali zinazotumika kukizalisha. Katika kiwanda, uwiano huo hupimika kwa urahisi kiasi: chupa ngapi, kwa saa ngapi, kwa wafanyakazi wangapi. Mnunuzi wa chupa hayupo kiwandani, na tabia yake haiwezi kuisimamisha mashine. Katika huduma hali ni tofauti. Huduma nyingi huzalishwa na kutumiwa wakati mmoja, na mteja huwepo ndani ya “kiwanda” kazi ikiendelea.

Wataalamu wa menejimenti wamelieleza jambo hili kwa namna mbalimbali. Richard Chase, mwaka 1978, alidai kwamba kadiri mteja anavyokuwepo kwa muda mrefu katika mchakato wa huduma, ndivyo inavyokuwa vigumu kuufikisha mchakato huo katika kilele cha ufanisi wake. Mwaka 1979, Christopher Lovelock na Robert Young waliigeuza hoja hiyo wakasema kwamba mteja si kikwazo tu. Anaweza kuwa chanzo cha kuongeza tija endapo atashirikishwa vizuri. Nchini Ufaransa, Pierre Eiglier na Eric Langeard waliunda neno servuction kwa kuunganisha maneno mawili, la huduma na la uzalishaji, ili kusisitiza kwamba mteja ni sehemu ya mfumo unaozalisha. Baadaye, mwaka 2006, Frances Frei alibainisha aina tano za tofauti ambazo wateja huziingiza katika huduma: wakati wanaofika, mambo wanayoyaomba, uwezo walio nao, juhudi wanazoziweka na mapendeleo yao binafsi.

Mawazo haya yote yanaelekea mahali pamoja. Tija ya huduma haiwezi kuelezwa kwa kumpima mhudumu peke yake, kama vile mavuno ya shamba yasivyoweza kuelezwa kwa kumpima mkulima bila kuitazama mvua.

3.0 Njia Ambazo Mteja Huathiri Tija

3.1 Wakati wa Kufika

Mhudumu hawezi kuweka akiba ya huduma. Saa ya asubuhi iliyopita bila mteja haiwezi kuhifadhiwa ili itumike mchana foleni inapofika barabarani. Kwa sababu hiyo, namna wateja wanavyofika ina uzito sawa na idadi yao.

Hisabati ya foleni, ambayo misingi yake iliwekwa na Mdenmaki A. K. Erlang mwaka 1909, hulionyesha jambo hili waziwazi. Chukua dirisha moja ambapo huduma huchukua dakika 5 kwa wastani, na ambapo ujio wa wateja na muda wa kuwahudumia hubadilika bila mpangilio. Dirisha hilo likitumika kwa asilimia 80 ya uwezo wake, mteja atasubiri dakika 20 kwa wastani kabla ya kuhudumiwa. Likitumika kwa asilimia 90, atasubiri dakika 45. Likifika asilimia 95, atasubiri dakika 95. Ongezeko dogo la wateja huzaa ongezeko kubwa la kusubiri. Mhudumu huonekana mzembe ilhali ndiye anayefanya kazi karibu bila kupumzika.

Mjini Bujumbura, wakati wa kufika hauamuliwi na mteja peke yake. Mwezi Machi 2022 mamlaka zilipiga marufuku baiskeli, pikipiki na bajaji, ambazo wakazi huziita tuktuk, kuingia katikati ya mji. Uhaba wa mafuta ya magari uliojirudia katika miaka iliyofuata ulipunguza pia mabasi barabarani. Mteja anayetegemea basi hachagui saa ya kufika. Huletwa pamoja na wenzake, basi linapopatikana. Ofisi inayowalaumu wananchi kwa kufika wote kwa pamoja huenda inailaumu foleni ya kituo cha basi iliyohamia mlangoni pake.

3.2 Maandalizi ya Mteja

Athari kubwa zaidi, pengine, ni ya maandalizi. Mfano wa kufikirika utasaidia kuipima. Tuseme mhudumu mmoja anafanya kazi saa 8 kwa siku, yaani dakika 480. Mteja aliyejiandaa, mwenye kitambulisho chake (karangamuntu, kama kinavyoitwa nchini Burundi), nakala zinazotakiwa na fomu iliyojazwa sawasawa, huchukua dakika 5. Asiyejiandaa huchukua dakika 15 za maswali, maelezo na upekuzi wa karatasi, kisha huondoka bila huduma, akiambiwa arudi kesho.

Wateja wote wakiwa wamejiandaa, mhudumu atakamilisha huduma 96 kwa siku. Mteja mmoja kati ya kila wanne akiwa hajajiandaa, wastani wa muda hupanda hadi dakika 7.5 kwa mteja. Mhudumu ataonana na watu 64 tu, na kati yao 48 pekee ndio watakaoondoka na walichokifuata. Tija imeshuka kwa nusu kamili, hali ya kuwa mkono wa mhudumu haukupunguza kasi hata kidogo. Tena, watu 16 waliokosa huduma wataongezeka katika foleni ya kesho.

Mfano huohuo unaonyesha tiba. Ofisi yenye wahudumu wanne madirishani itakamilisha huduma 192 kwa siku. Mmoja wao akitolewa dirishani na kusimama mlangoni, akikagua nyaraka za kila anayeingia kwa dakika 1 tu, madirisha matatu yaliyobaki yatapokea wateja waliojiandaa pekee na kukamilisha huduma 288. Mkaguzi atahitaji dakika 384 kuwakagua watu 384, muda ambao haufikii siku yake nzima ya kazi. Dirisha moja limefungwa, lakini huduma zimeongezeka kwa asilimia 50. Asiye na nyaraka naye amenufaika: amejua kasoro yake mara tu alipofika, badala ya kuijua baada ya kusubiri nusu siku.

Kanuni hii haiishii maofisini. Katika gereji, kwa mfano, mteja mara nyingi ndiye anayekwenda kununua kipuri. Akirudi na kipuri kisicholingana na gari lake, gari hukaa juu ya jeki, nafasi hubaki imezibwa na fundi hana la kufanya. Fundi mwenye busara humpa mteja kipuri chakavu akilinganishe dukani. Kitendo hicho kidogo ni uwekezaji katika uwezo wa mteja.

3.3 Lugha

Sehemu ya maandalizi hutegemea kuelewa, na kuelewa hutegemea lugha. Mteja asiyejua kusoma Kifaransa anapopewa fomu ya Kifaransa, ana njia tatu: kumwomba mhudumu amtafsirie, kumtafuta mtu mwingine amjazie, au kubahatisha. Njia ya kwanza hula muda wa dirisha. Ya pili hula fedha za mteja. Ya tatu huzaa makosa yatakayogunduliwa baadaye, mara nyingi baada ya faili kupita katika mikono ya watu kadhaa. Katika njia zote tatu tija hupotea, ingawa katika ya pili hasara haionekani katika vitabu vya ofisi.

Kwa Warundi wengi suluhisho la kwanza ni Kirundi. Hata hivyo, wateja wa Bujumbura si Warundi pekee. Burundi ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki tarehe 1 Julai 2007, na Itifaki ya Soko la Pamoja ilianza kutumika mwaka 2010. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo iliingia katika Jumuiya mwaka 2022, na mji wa Uvira uko karibu, ng’ambo tu ya mpaka wa Gatumba. Mfanyabiashara wa Uvira, dereva wa lori kutoka Tanzania na mwanafunzi kutoka Kenya wanapofika katika dirisha moja na Mrundi wa Buyenzi, lugha inayoweza kuwaunganisha wote na mhudumu bila mkalimani ni Kiswahili. Kwa hiyo tangazo la Kiswahili linaloorodhesha nyaraka zinazotakiwa ni zaidi ya alama ya umoja wa kikanda. Ni nyenzo ya tija, kama ilivyo kompyuta au dirisha la ziada, na gharama yake ni karatasi na mtafsiri makini.

3.4 Hisia na Adabu

Arlie Hochschild, mwaka 1983, alionyesha kwamba wafanyakazi wa huduma hufanya kazi ya hisia: hutakiwa kutabasamu, kuvumilia na kutuliza. Kazi hiyo huchosha kama kazi ya misuli. Mteja anayefoka humwathiri mhudumu, na mhudumu aliyeumizwa huwahudumia vibaya wanaofuata ambao hawakumkosea. Hivyo ukali wa mteja mmoja ni gharama inayolipwa na foleni nzima.

Kinyume chake nacho ni kweli. Katika utamaduni wa Burundi, “Amahoro” na maswali mafupi ya kujuliana hali hutangulia shughuli. Mshauri wa nje mwenye saa ya kupimia muda angeweza kuzihesabu sekunde hizo kuwa hasara. Lakini mteja aliyesalimiwa huieleza shida yake kwa ukamilifu na huuliza asichokielewa, ilhali aliyepokewa kwa ukimya huficha kutoelewa kwake na kurudi siku ya pili. Salamu ya nusu dakika inayozuia safari ya pili si upotevu wa muda.

4.0 Kazi Inapohamishiwa kwa Mteja

Njia mojawapo ya kuongeza tija ni kumkabidhi mteja kazi iliyokuwa ya mhudumu. Clarence Saunders alipofungua duka la Piggly Wiggly mjini Memphis, Marekani, mwaka 1916, aliwaruhusu wanunuzi wachukue bidhaa rafuni wenyewe, na hivyo ndivyo utaratibu wa kujihudumia ulivyoanza kuenea.

Mjini Bujumbura, mfano ulio wazi ni mita za umeme wa malipo ya awali za REGIDESO, zinazojulikana kwa jina la cash power, ambazo msomaji wa Tanzania atazifananisha na LUKU. Kabla yake, shirika hulazimika kumtuma msoma mita, kuandaa ankara, kuisambaza, kumdai mteja na, akikataa kulipa, kumtuma fundi akate umeme. Kwa mita ya malipo ya awali, kazi zote hizo huyeyuka. Mteja hununua umeme, hupewa tarakimu 20 na kuziingiza mwenyewe. Tija ya shirika hupanda. Lakini kazi haikutoweka yote. Sehemu yake imehamia nyumbani. Mzee asiyeona vizuri ambaye huikosea tarakimu moja hubaki gizani hadi mjukuu atakaporudi kutoka shule.

Huduma za fedha kwa simu, kama Lumicash na EcoCash, zinaonyesha sura nyingine. Mteja hutuma fedha mwenyewe bila karani. Hata hivyo, wakala humtegemea kwa namna ya pekee: wateja wa kuweka na wateja wa kutoa fedha lazima walingane kwa kiasi fulani. Wakija wa kutoa watupu, noti humwishia. Wakija wa kuweka watupu, salio la simu humwishia. Katika hali zote mbili wakala hukaa na kibanda kilicho wazi, ujuzi wote na nia yote, lakini bila huduma ya kutoa. Mteja mmoja, bila kujua, ndiye anayemletea mwenzake huduma. Methali ya “mgeni njoo mwenyeji apone” hapa inapata maana ya kibiashara iliyo halisi kabisa.

5.0 Wateja Wanapoongezeka Ghafla: Matibabu ya Bure ya Mwaka 2006

Tarehe 1 Mei 2006, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba watoto walio chini ya umri wa miaka 5 na wanawake wanaojifungua watahudumiwa bila malipo katika vituo vya afya vya umma. Uamuzi huo uliondoa kizuizi kilichowaweka wengi nje ya hospitali, na waliokuwa wakiugulia nyumbani walifika. Lakini wauguzi, dawa na vitanda havikuongezeka kwa kasi ya tangazo. Vituo vilielemewa, dawa zilipungua na marejesho ya fedha kwa vituo yalichelewa.

Tukio hili linafundisha mambo mawili. Kwanza, takwimu za tija zinaweza kupanda huku huduma ikizorota. Muuguzi aliyekuwa akiwaona watoto 20 kwa siku akiwaona 50, tija yake kwa hesabu ya vichwa imepanda mara mbili na nusu. Lakini dakika za kumsikiliza mama zimepungua, na mama ndiye chanzo cha habari za ugonjwa wa mtoto. Pili, wingi wa wateja haukuwa kosa lao. Ulikuwa ushahidi wa mahitaji yaliyokuwepo siku zote bila kuhesabiwa.

Hatua iliyofuata ilimpa mteja nafasi mpya. Mwezi Aprili 2010 Burundi ilieneza nchi nzima mfumo wa kuvilipa vituo vya afya kulingana na utendaji, ukaunganishwa na marejesho ya gharama za matibabu ya bure. Chini ya mfumo huo, vyama vya wenyeji huwatafuta wagonjwa majumbani ili kuthibitisha kwamba kweli walihudumiwa, na kuwauliza kama waliridhika. Mgonjwa amekuwa shahidi wa tija: huduma iliyoandikwa daftarini lakini isiyojulikana na mwenyewe si huduma.

6.0 Tija ya Nani?

Mifano iliyotangulia inaibua swali la haki. Vipimo vingi vya tija huhesabu muda wa mhudumu, ambao hulipwa mshahara, na kuuacha muda wa mwananchi, ambao haulipwi na yeyote. Kwa kipimo hicho, ofisi inayomrudisha mtu mara tatu inaweza kujisifu kwamba imewahudumia watu watatu. Katika mfano wa sehemu ya 3.2, kila dirisha huwarudisha watu 16 kwa siku, sawa na 80 kwa juma la siku 5 za kazi. Mmoja wao huenda ni mama aliyeteremka kutoka vilima vya nje ya mji, akapoteza nauli na siku ya kulima. Hasara hiyo haimo katika ripoti yoyote.

Mabadiliko matatu yanapendekezwa. La kwanza ni kuhesabu huduma zilizokamilika katika safari ya kwanza badala ya watu waliofika dirishani. La pili ni kuandaa mteja kabla hajafika: orodha ya nyaraka ibandikwe nje ya ofisi na itangazwe redioni, kwa Kirundi na Kiswahili, kwa maneno ambayo mtu asiyesoma sana atayaelewa akisomewa. La tatu ni kupunguza safari za mteja baina ya ofisi. Burundi imewahi kuonyesha kwamba hilo linawezekana: mwaka 2012 dirisha moja la kusajili kampuni lilifunguliwa katika Wakala wa Kukuza Uwekezaji mjini Bujumbura, na ripoti ya Benki ya Dunia ya mazingira ya biashara ya mwaka 2013 iliiweka nchi hii miongoni mwa zile 10 zilizopiga hatua kubwa zaidi. Kilichowezekana kwa mwenye kampuni chaweza kuwezekana kwa anayetafuta cheti cha kuzaliwa cha mtoto wake.

7.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kwamba mteja huathiri tija ya huduma kwa wakati anaofika, kwa maandalizi yake, kwa lugha yake, kwa hisia zake na kwa kazi anayokabidhiwa. Imeonyesha pia kwamba mengi ya hayo hayamo mikononi mwake. Basi lisilokuja, fomu asiyoielewa na orodha ya nyaraka asiyoijua hadi afike dirishani ni mambo yaliyopangwa na wengine. Kumwita mfalme huku akirudishwa nyumbani mara tatu ni kumdhihaki. Kumtambua kuwa mfanyakazi mwenza ni kukubali kwamba naye, kama mfanyakazi yeyote, anastahili maelekezo yaliyo wazi, zana zinazofaa na lugha anayoielewa.